Sauti ya Zainab na Mstari Ulionyooka

"Karatasi haisemi uongo, Mama. Muongo ni wewe."

Maneno hayo aliniambia mwanangu Ussi, mimi niliyemzaa, naye amesimama katikati ya viti vya plastiki vilivyopandana mpaka dari, jasho linamtoka na nje kuna baridi. Nami sikunyamaza. Nilimwambia karatasi yake haina masikio, na tena haikualikwa harusini.

Tulikuwa tumenasa stoo, mimi na yeye, katika ukumbi mmoja pale Northfield, hapa Birmingham, siku ya kumtoa bibi harusi, mjukuu wangu Maisara. Hatukufungiwa kwa kufuli. Tulifungiwa na wanawake. Stoo ile ina milango miwili. Mmoja unatokea ukumbini, na huko ukumbini kina mama walikuwa wameshavua mabuibui, vichwa wazi, mabega wazi, dhahabu mpaka vifundoni. Hapo mwanamume hapiti, hata awe baba wa bibi harusi. Mlango wa pili ni wa dharura, unatokea uani. Ussi aliusukuma ukafunguka upana wa kidole, ukagota. Kuna mtu alikuwa amekuja kuweka pipa la takataka za ujenzi, lile la chuma linalobebwa na lori, likauegemea mlango kama ng'ombe aliyelala.

Sasa msidhani mwanangu ni mjinga. Kazi yake ndiyo hiyo ya stoo miaka yote. Wiki nzima anapokea mizigo katika duka kubwa kule Longbridge, palipokuwa na kiwanda cha magari, na Jumamosi yeye ndiye fundi wa sauti wa sherehe za kina mama. Huja ukumbi ukiwa mtupu, hutega spika, huzivuta waya akazipitisha chini ya mlango, mashine zikakaa stoo au jikoni, kisha hutoka kabla hajafika mgeni wa kwanza. Na mgeni wa kwanza wa harusi zetu, tunajuana, hufika mwenye ukumbi ameshaanza kutazama saa. Ussi alilitegemea hilo. Alichosahau ni Barwako.

Barwako ni jirani yetu, Msomali aliyekulia Nairobi, na ndiye tuliyempa usimamizi wa siku ile. Asubuhi alikwenda Digbeth kwenye stendi ya mabasi ya safari kuwapokea wageni wa London. Mvua inanyesha, akaona awapeleke wapi, akawaleta moja kwa moja ukumbini. Wa hapa Birmingham waliposikia wa London wameshakaa viti vya mbele, wakatoka majumbani mbio, wengine kope moja imebandikwa na moja bado. Chai haijachemka, ukumbi umejaa. Ussi wakati huo yumo stoo, kapiga magoti, anafunga waya. Alipoinua kichwa alikuwa mfungwa.

Mimi niliingia kumpelekea sambusa. Nikabaki, ingawa mimi ningeweza kupita, kwa sababu nilikuwa na langu moyoni.

Langu lenyewe ni Zainab. Zainab alikuwa mke wa Ussi, mama yake Maisara, na alitutoka Maisara bado mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka. Alikuwa na sauti, subhanallah. Hakuimba kwa ujira. Aliimba akimsuka mtoto, kamkalisha chini katikati ya magoti, na yule mtoto alikuwa na kichekesho chake: akiisikia tu ile sauti inaanza, kichwa kinalalia kushoto chenyewe, hata chanuo halijamgusa. Kina mama wakikutana, Zainab akiimba chai inapoa vikombeni. Siku moja aliimba sebuleni kwetu, dirisha wazi, basi likasimama nje, abiria wote wakashuka kumsikiliza, Waingereza kwa Wahindi, na wa mwisho kushuka alikuwa mbwa. Ussi husema mtaa wetu haupitiwi na basi. Ndiyo maana nasema lilikuwa jambo kubwa.

Katika kuimba kwake kote imebaki kaseti moja. Ussi aliirekodi mwenyewe, siku ya kina mama, yeye kakaa kwenye ngazi, maikrofoni imo ndani na waya umepita chini ya mlango. Ndipo alipoanzia kazi yake. Na ukimtazama vizuri, ndipo alipobaki. Maisha yake yote mwanangu amekaa nyuma ya mlango. Harusi alizozipigia sauti hakuziona hata moja. Watu anawajua kwa vishindo vya viatu vyao na kwa vigelegele vinavyopenya ubaoni. Masikio yake ya ndani nilikuwa mimi. Nikigonga mlango mara moja, aongeze. Mara mbili, apunguze. Mara tatu, pilau imefika.

Maisara hakutaka makubwa kwa baba yake. Alitaka aingie ukumbini kwa sauti ya mama yake. Aliniambia siku moja nikimpaka mafuta ya nywele, nusu Kiswahili nusu Kiingereza chake cha hapa, kwamba kwa mama yake anakumbuka mikono kichwani na sauti inayotoka juu, basi. Na hata hiyo hajui kama anaikumbuka mwenyewe au nimemhadithia mimi. Na hadithi zangu anazijua.

Basi Ussi akaingia wazimu. Akasema kwa jambo hili hatumii spika zake kuukuu. Tukaenda kwa Inderpal, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Nakuru, ana ghala lake Digbeth, anapiga sauti harusi za Wapunjabi. Inderpal akawasha spika za aina tatu, akamwambia Ussi akae kwenye kiti asikilize. Ussi hakukaa. Aliomba karatasi za kiwandani, zenye mchoro wa sauti ya kila spika. Akazisoma kasimama, kwenye mwanga wa mlango, kama daktari anayetazama picha ya kifua.

Mimi shule niliiona kwa nje, lakini mchoro ule aliufafanua mpaka nikaushika. Kuna namba za chini, huko ndiko iliko ngoma, na kuna namba za juu, huko ndiko waliko mbu na vijiko. Spika mbaya mstari wake unapanda na kushuka kama barabara ya milimani: hapa inaongeza, hapa inakula. Spika nzuri mstari wake umenyooka. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Akachagua ule ulionyooka kuliko yote, wala hakuusikia unaliaje. Inderpal akanivuta pembeni, akanambia kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "Mama, namba inakuambia spika ni mzima ama imeharibika. Utamu haikuambii. Utamu lazima ukae usikize."

Na siku yenyewe, ukumbi ukiwa bado mtupu, Ussi akaijaribu kaseti. Jamani. Zainab alitoka mle kama nyigu aliyeingia chupa ya soda. Kila penye "s" kama mtu anakata bati. Kifua hakuna, pumzi hakuna. Nikamtazama Ussi. Alikuwa anatabasamu, macho yako kwenye ile mishale miwili ya mashine inayochezacheza sauti ikipita.

Ndipo ugomvi ulipoanza, na ulikuwa bado haujesha tuliponasa stoo.

Nilimwambia huyu si Zainab. Akasema spika hizi hazina cha kuongeza wala kupunguza, kama kilichomo kwenye kaseti ni Zainab, basi kinachotoka ni Zainab. Nikamuuliza mstari wake ulichorwa wapi. Akasema katika chumba maalumu kilichojazwa sponji kuta zote, hata ukipiga makofi hayarudi. Nikamwambia hongera, atafute bibi harusi wa kuolewa humo. Hapa chini mbao, upande mmoja vioo vitupu, juu bati, na katikati kina mama wamevaa shanga na lulu mpaka ukiwagusa wanalia. Akasema hayo yote ameyapigia hesabu. Nikasema hesabu na ije nje isikilize. Hapo ndipo akanambia muongo ni mimi.

"Ulimwambia imamu," akasema, "kuwa Kikwajuni kule Unguja kulikuwa na spika ikipigwa kuku wanataga mayai ya kuchemka."

"Nusu kuchemka," nikamrekebisha.

"Ndiyo hivyo, Mama. Na leo nikuamini."

Mlango ukagongwa. Barwako, sauti tu, mwenyewe hafungui. Wakati huo zilikuwa zinapigwa nyimbo za kuwachangamshia wageni, kupitia spika zile zile. Akasema, "Ussi, hii kitu inakata watu masikio. Watoto wameanza kulia. Na Maisara ako kwa gari, anamaliziwa uso. Nikigonga tena, weka kaseti."

Ussi akamjibu kwamba watu hawajazoea sauti safi. Akapunguza kidogo sauti yote kwa jumla, kumridhisha, akashika kaseti ili aitie.

Hapo sikufikiri. Umri wangu huu, goti langu hili, lakini mkono bado ni wangu. Niliikwapua kaseti nikaitia kifuani, ndani ya sidiria, mahali ambapo mtoto wa kiume hana la kufanya ila kuomba.

Akaomba. Kwanza kwa adabu, halafu kwa hasira, halafu akaenda kuusukuma tena ule mlango wa dharura kwa bega, kana kwamba pipa litakuwa limemwonea huruma. Upana wa kidole, likagota. Baridi ikaingia kama kisu. Akarudi akaegemeza kichwa kwenye viti. Akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye kila siku ni hivi. Mizigo inaingia, yeye yuko ndani. Harusi inaanza, yeye yuko stoo. Mke wake anaimba, yeye yuko kwenye ngazi. Siku moja tu amepata kitu kilichoandikwa, kilichopimwa, ambacho hakihitaji aambiwe na mtu mwingine kilivyo, na huyo mtu mwingine kaificha kaseti kifuani.

Mimi jambo lake nilikuwa nalijua tangu Ramadhani. Kwenye ujia wa nyumba yetu juu kuna kile kidude cha kugundua moshi, betri ikichoka kinalia pii, kinanyamaza, pii, kinanyamaza, mpaka unatamani nyumba iungue kweli kipate la kusema. Kililia wiki nzima. Ussi alikuwa anavuta kiti chake anakaa chini yake hasa, anakula tende, ananiuliza mbona natazama dari. Nilimwambia kinalia. Akacheka akasema Mama umeanza. Hiyo ndiyo jela yangu mimi: ukweli ukinitoka mdomoni, watu wanauona kama nguo ya kuazima.

Kwa hiyo sikumwambia kitu. Nilimwambia tu, "Geuka utazame ukuta. Nitatikisa funguo zangu. Ukisikia, inua mkono, nakupa kaseti yako."

Akageuka upesi, kwa sababu aliona ni rahisi. Nikazitoa funguo, funguo za nyumba, za mlango wa chini, na ile ya sanduku langu la Unguja. Nikazitikisa nyuma ya kisogo chake. Nikazitikisa tena, karibu, mpaka nikamwonea haya. Nywele zake zimeingia mvi huku nyuma, sikuwahi kuziona. Nikazirudisha funguo mkobani taratibu.

Ussi alikuwa bado anatazama ukuta.

"Haya, Mama," akasema. "Anza."

"Nishamaliza, mwanangu."

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka aliketi juu ya sanduku la spika, mikono katikati ya mapaja, kama alivyokuwa akikaa mdogo akivunja kitu.

"Nakusikia wewe," akasema, "kwa sababu una sauti ya baharia. Namsikia Barwako akigonga. Lakini zile sauti za juu zimekwenda, Mama. Sijui lini. Nikiipiga kaseti ya Zainab nasikia kuna mtu anaimba nyuma ya blanketi. Simsikii tena. Namwona kwenye mshale tu. Mshale ukicheza, najua anaimba."

Nikatoa kaseti kifuani, ilikuwa imepata joto, nikampa.

Akaigeuzageuza mkononi. Akasema kama mstari umenyooka, angalau alijua spika haimwibii kitu Zainab, hata kama yeye mwenyewe hapokei. Ndiyo sababu alitaka karatasi. Nikamwambia mstari umenyooka, sawa, lakini kaseti imechoka na ukumbi una makelele yake, na spika yake nyoofu inawaletea watu uchovu wote na makelele yote bila kupunguza hata chembe. Akanitazama. Akacheka kidogo puani. Akasema hilo hata Inderpal hakulisema hivyo.

Kisha akawa fundi tena. Akasogea kwenye mashine yake yenye vifungo vya kusukuma juu na chini, na hapo niwe mkweli, namba zake zilifaa. Alijua sauti ya mwanamke inakwaruza kwenye namba zipi, inapata kifua kwenye namba zipi, bati linaitikia wapi. Alijua njia yote mpaka mlangoni. Ila kuingia hakuweza, maana asingejua amefika. Tukapanga. Mimi nitasimama katikati ya ukumbi, Barwako mlangoni kwa nje. Nikiinua kidole kimoja, Barwako agonge mara moja. Viwili, mara mbili. Yeye Ussi ataweka kiganja mlangoni, akigongewa asikie kwa mkono. Watu wataona tunajaribu mashine, na Maisara bado yuko garini, hatasikia.

Nikatoka. Kina mama wakanisalimu, nikawapungia kama kiongozi wa nchi. Nikasimama karibu na meza ya keki. Barwako akauliza kwa macho, nikamwashiria, akagonga.

Zainab akaanza. Nyigu yule yule. Mwanamke mmoja wa London akajiziba sikio moja kwa adabu. Nikainua viwili. Nyigu akapungua. Viwili tena. Sasa alikuwa kama amefunikwa shuka, nikainua kimoja. Akaja juu kidogo. Barwako anagonga, ananitazama, anagonga, na watoto wameacha kulia wanamtazama yeye, wamedhani ni mchezo. Kikaja kitu kizito chini, vioo vikanguruma, nikainua viwili kwa hasira, kikaondoka. Kimoja. Kimoja tena, kidogo.

Halafu Zainab akavuta pumzi.

Alikuwa na tabia hiyo. Kabla ya ubeti alivuta pumzi fupi, na ulimi ukagusa kaakaa, tk, kama mtu anayeonja mchuzi. Nilikuwa nimeisahau. Sikuwahi kuitia hata katika hadithi zangu. Ilitoka kwenye spika ile, wazi, nyuma yake ikaja sauti yenye kifua na mwili wake, ya mtu aliyekaa chini na mtoto katikati ya magoti. Basi halikusimama nje. Hakuna mbwa aliyeshuka. Kina mama walinyamaza tu, mmoja uma wa keki uko njiani, na mimi nikashusha mkono wangu.

Nikarudi stoo nikaufunga mlango, kaseti inaendelea. Barwako bado kasimama pale kwa nje, anangoja kidole, mlango mkubwa wa ukumbi hauna mtu.

Ussi alikuwa kaweka kiganja kingine juu ya mashine. Hakutazama mshale. Alinitazama mimi usoni, kwa namna ambayo hakunitazama tangu siku aliporudi makaburini kumzika Zainab.

"Mama," akasema. "Leo usinihadithie. Ndiye yeye?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na pumzi ile ya kumwambia, na tk ya ulimi, na nilikuwa natafuta namna ya kuisema ikae kama ukweli, si kama basi na mbwa. Nikasema, "Ussi, kabla ya ubeti wa pili..."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Maisara, katika nguo yake ya kijani, mikono yenye hina imeshika pindo lisiburure, wanja umeteremka shavuni. Hakuna aliyemzuia nje, hakuna aliyempigia vigelegele. Nyuma yake Barwako aliuvuta mlango upesi, na sauti ya Zainab ikabaki inapita ubaoni.

Maisara alisimama mbele ya baba yake, na kichwa chake, na maua yake yote na dhahabu yake yote, kilikuwa kimelalia kushoto, kama kinachongoja chanuo.

Ussi alikiona. Nami nikafumba mdomo.